Springi na Shokapu: Motokaa Yaweza Kuwa Laini na Imara Pamoja

Watu wengi husema kwamba motokaa ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ile iliyo laini kama godoro la sufi, lakini ikifika penye kona hulala ubavu kama mtumbwi ulioingia maji. Namna ya pili ni ile imara, yenye kushika njia vizuri, lakini abiria wake hushuka wakiwa wameshika viuno. Husema kwamba mwenye gari hana budi kuchagua moja kati ya hayo mawili. Nia ya maelezo haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Motokaa ile ile yaweza kuwa laini kwa abiria na imara kwa dereva, maana raha na uimara hutoka katika chanzo kimoja, nacho ni gurudumu lisiloachana na ardhi. Mtu akiharibu moja, mara nyingi huwa ameyaharibu yote mawili.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Mpale. Mtu ashukaye kutoka milima ya Usambara kwenda Korogwe hukutana na barabara za kila aina katika safari moja. Hukutana na mawe, na makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika, na vumbi lililofanya mawimbi wakati wa kiangazi, na mwisho huingia katika lami ambamo malori na mabasi ya kwenda Arusha na Dar es Salaam hupita kwa kasi. Gari hilo moja hubeba wanafunzi, matenga ya mboga na matunda, na pengine mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Magunga. Tena magari yetu mengi yamekuja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi katika barabara nzuri. Basi springi na shokapu zilizochoka si jambo la starehe tu. Zinahusu breki, usukani, na uhai wa watu waliomo.

Kazi ya springi

Springi ni chuma kinachokubali kubonyea na kurudi. Ziko namna mbili zinazoonekana sana kwetu. Moja ni ile ya kuviringa, kama iliyomo katika Toyota Noah. Ya pili ni ile ya vipande bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa bolti, kama ile ya nyuma ya pikapu na malori. Zote mbili hufuata kanuni moja, ambayo wanafunzi wa Fizikia huijua kwa jina la Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza aliyeitangaza mwaka 1678. Kanuni hiyo yasema kwamba kadiri mzigo uzidivyo ndivyo springi izidivyo kubonyea, kwa kipimo kile kile, mradi isipite mpaka wake.

Natufanye hesabu ndogo. Tuseme motokaa ina uzito wa kilo 1,200 juu ya springi zake nne, na uzito huo umegawanyika sawasawa. Kila springi hubeba kilo 300. Tuseme tena kwamba kila springi hubonyea sentimeta 1 kwa kila kilo 20. Basi motokaa ikisimama tupu, springi zake zimebonyea sentimeta 15. Sasa waingie watu wanane pamoja na mizigo yao, jumla kilo 600. Kila springi yaongezewa kilo 150, nayo hubonyea sentimeta 7 na nusu zaidi. Kama nafasi iliyobaki chini ya bodi ilikuwa sentimeta 8, imebaki nusu sentimeta tu. Shimo la kwanza litagonga chuma kwa chuma, au kwa bahati njema, chuma kwa kile kipande cha mpira kilichowekwa kuzuia mgongano. Hapo abiria husema, "Springi za gari hili ni ngumu." Kumbe si ngumu, zimekwisha nafasi.

Springi ina tabia nyingine. Ikibonyezwa na kuachwa, hairudi mahali pake mara moja ikatulia. Hupanda, hushuka, hupanda tena. Motokaa ya mfano wetu ikiwa tupu hucheza hivyo kama mara 1.3 kwa kila sekunde. Ikijazwa watu, huwa kama mara 1 tu kwa sekunde. Tukiweka springi zenye ugumu mara mbili, mchezo huo huwa kama mara 1.8. Basi springi peke yake, iwe laini au ngumu, haiwezi kutuliza gari. Humeza kishindo cha shimo, lakini kisha hukirudisha chote.

Kazi ya shokapu

Kinachotuliza gari ni shokapu. Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo ibebayo gari. Sivyo. Gari hubebwa na springi. Shokapu huuzuia mchezo wa springi usiendelee. Ndani yake mna silinda yenye oili, na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au likishuka, pistoni hulazimika kupita katika oili, na oili hulazimika kupenya katika yale matundu. Kazi hiyo hula nishati ya springi na kuigeuza kuwa joto. Ndiyo sababu ukigusa shokapu nzima baada ya safari ndefu ya barabara mbaya utaiona ina moto, na ile iliyokufa utaiona baridi. Shokapu nyingi za siku hizi zina pia gesi ya nitrojeni ndani yake, ili oili isifanye povu inapopata joto. Maana oili yenye povu hupenya upesi mno, na shokapu huwa kama haipo.

Mwanafunzi aweza kujaribu jambo hili bila ya gereji. Afunge jiwe kwenye ukanda wa mpira wa baiskeli, alining'inize, alivute kidogo chini kisha aliache. Ahesabu litapanda na kushuka mara ngapi kabla ya kutulia. Kisha arudie jaribio lile lile jiwe likiwa ndani ya ndoo ya maji. Ataona kwamba ndani ya maji jiwe hutulia upesi zaidi. Ukanda ule wa mpira ni springi, na maji yale ni shokapu.

Bushi na viungo

Kati ya gurudumu na bodi kuna mikono ya chuma, na mahali mikono hiyo inapoungana pana bushi za mpira. Kazi ya bushi ni kukubali mkono upande na kushuka, huku ikiuzuia usiende mbele wala nyuma. Kuna pia bolijointi, ambazo hukubali gurudumu kugeuka kwa usukani, na kuna stebilaiza, yaani fimbo ya chuma iliyopindwa inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, fimbo hii haifanyi neno. Lakini gari likitaka kulala upande mmoja kwenye kona, fimbo hujisokota na kulizuia. Kwa hiyo stebilaiza nzima huleta uimara kwenye kona bila ya kuondoa ulaini wa springi katika njia iliyonyooka.

Bushi zikipasuka, gurudumu huanza kufuata njia yake lenyewe. Dereva hugeuza usukani na gari huchelewa kutii. Hukanyaga breki na gari huvuta upande. Mara nyingi mwenye gari hulaumu shokapu, hununua mpya, na gari huendelea kugonga "ko! ko! ko!" kama zamani, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa katika kipande cha mpira cha bei ndogo. Ndipo tunapokumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwili wa mtu wataka nini

Wataalamu wamepima ni mtikisiko wa namna gani unaomsumbua mtu aliyeketi. Mtikisiko wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde ndio uchoshao zaidi, kwa kuwa tumbo na viungo vya ndani hutikisika pamoja nao. Na mwendo wa polepole mno, chini ya nusu mara kwa sekunde, ndio uletao kichefuchefu, kama ule wa chombo baharini. Kwa hiyo watengenezaji wa magari ya kawaida huchagua springi zinazocheza kama mara 1 hadi 1 na nusu kwa sekunde, ambazo ziko kati ya shida hizo mbili.

Sasa twaweza kuona kosa la kila upande. Springi ngumu mno hupitisha mitikisiko midogo ya mawe hadi kitini. Na shokapu zilizokufa huliacha gari likiyumba na kulala kila kona, na katika barabara ya mlimani yenye kona nyingi abiria hutapika ingawa springi ni laini. Ulaini wa gari lililochoka si raha ya kweli.

Kuna habari moja ya Ufaransa inayofaa kukumbukwa. Kampuni ya Citroën, ilipokuwa ikiandaa motokaa ya wakulima, ilitaka gari litakaloweza kupita katika shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai, na yai hata moja lisivunjike. Gari hilo, Citroën 2CV, lilionyeshwa kwa watu mjini Paris mwaka 1948. Halikuwa na nguvu nyingi, lakini springi zake zilikuwa ndefu na laini, na magurudumu yake yalishika ardhi kwa namna ya kustaajabisha. Mama wa Mpale apelekaye mayai au nyanya sokoni ataelewa mara moja kwamba mtihani ule ulikuwa wa haki.

Mawimbi ya barabarani

Kila aliyesafiri katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi ameyaona yale mawimbi madogo yaliyopangana kama ubao wa kufulia. Mawimbi hayo hufanywa na magurudumu yenyewe. Gurudumu likirushwa na kijiwe, huanguka mbele kidogo na kuchimba. Lirukapo tena, huchimba tena. Na magari yanayofuata hukuza vishimo vile vile. Majaribio ya maabara yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba hata gurudumu lisilo na springi hufanya mawimbi katika mchanga, mradi mwendo wake upite kiasi fulani.

Natuhesabu tena. Tuseme mawimbi yameachana kwa sentimeta 90, na gari linakwenda kilometa 40 kwa saa, yaani kama mita 11 kwa sekunde. Gurudumu hupigwa kama mara 12 kila sekunde. Kwa bahati mbaya, gurudumu pamoja na ekseli yake hupenda kucheza katika kiasi hicho hicho, kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Shokapu nzima huzuia mchezo huo. Shokapu iliyokufa huuacha ukue hadi gurudumu liwe hewani sehemu kubwa ya wakati. Na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Ndiyo sababu gari hupotea njia polepole kuelekea mtaroni, hali dereva hajafanya kosa lolote la mikono. Wala kuongeza mwendo "ili kuruka juu ya mawimbi" si dawa, maana mtikisiko hupungua kwa abiria, lakini gurudumu lazidi kuachana na ardhi.

Somo la mashindano ya Safari

Mwenye shaka na atazame mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za vumbi na matope kama zetu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 Peugeot 404 ilishinda tena, ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walishinda mara ya pili, na mwaka huo pia magari yaliyomaliza yalikuwa 7.

Peugeot 404 lilikuwa gari la familia na la teksi. Springi zake za kuviringa zilikuwa na nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu zake ziliweza kuzituliza. Hapana shaka madereva wale walikuwa hodari, na bahati nayo ilikuwamo. Lakini hapa twapata maana nzuri ya gari la kimichezo katika nchi yetu. Si gari lililoshushwa hadi likawa linakwaruza matumbo, wala si gari gumu kama mkokoteni. Ni gari ambalo magurudumu yake hufuata kila bonde na kila tuta, na bodi yake hutulia juu yake.

Dalili za kuchoka

Dalili hizi mtu yeyote aweza kuzitazama bila ya chombo. Bonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu kisha uiache: ikirudi na kutulia, ni vyema, ikiendelea kucheza mara mbili au tatu, shokapu ya upande huo imechoka. Lakini gari likitulia, usiseme kwamba limepona kabisa, maana jaribio hili hugundua shokapu zilizokwisha kabisa tu. Tazama shokapu yenyewe: ikiwa imelowa oili na vumbi limegandamana juu yake, oili inavuja. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukisikia mabonde na vilima, gurudumu limekuwa likirukaruka. Pima kwa rula toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, gari likiwa limesimama mahali sawa: pakiwa na tofauti kubwa, springi moja imelala au imevunjika. Chungulia bushi: mpira uliopasuka huonekana. Na mwishoni, sikiliza na kuangalia njiani. Pua ya gari ikiinama sana kwa breki, au mkia ukiyumba katika kona yenye mashimo, usingoje zaidi.

Makosa matatu ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuongeza vipande vya springi nyuma ili gari libebe zaidi. Gari tupu huwa gumu na kurukaruka, na shokapu za zamani, ambazo hazikufanywa kwa springi ngumu kiasi hicho, hushindwa kuzituliza. Tena breki, matairi na ekseli ni zile zile. Mzigo umeongezwa lakini nguvu ya kuusimamisha haikuongezwa.

Kosa la pili ni kukata springi za kuviringa ili gari lishuke na kupendeza macho ya vijana. Wengi hawajui kwamba springi ikikatwa huwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko 8 ikibakiwa na 6, ugumu wake huongezeka kwa theluthi moja. Hivyo gari limepewa springi ngumu zaidi pamoja na nafasi ndogo zaidi, na shimo dogo hugonga chuma. Tena springi fupi yaweza kutoka katika kikalio chake gurudumu linaponing'inia.

Kosa la tatu ni kununua shokapu ngumu kuliko zote dukani kwa kufikiri kwamba ugumu ndio ubora. Shokapu ngumu mno hailiachi gurudumu lirudi chini upesi baada ya shimo, na katika mashimo yanayofuatana gari hujivuta chini kidogo kidogo hadi linagonga. Shokapu nzuri ni ile inayolingana na springi yake. Atakaye uimara zaidi kidogo, kwa barabara zetu, achague shokapu zilizofanywa kwa gari la namna yake na kwa njia mbaya, na springi za kipimo chake cha asili au ngumu kidogo tu kama hubeba watu wengi kila siku. Stebilaiza na bushi nzima zitafanya yaliyobaki.

Namna kazi inavyofanywa

Kazi hii ni ya fundi, lakini mwenye gari akijua hatua zake hatadanganyika. Gari huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vigogo au stendi imara. Kamwe mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, za ekseli moja pamoja, kwa sababu nzima upande mmoja na iliyokufa upande wa pili hulivuta gari. Springi nazo ni vivyo hivyo.

Katika magari mengi madogo springi ya mbele huzunguka shokapu, kwa namna iliyobuniwa na injinia wa Marekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940. Kuitoa springi hiyo kwahitaji chombo cha kuibana. Springi iliyobanwa ina nguvu za kuua, kwa hiyo kuibana kwa waya au kwa kamba ni kuchezea mauti. Wakati huo huo kikalio cha juu cha mpira na kile kipande cha kuzuia mgongano hutazamwa, na vikiwa vimekwisha hubadilishwa.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wenye haraka hulisahau. Bolti zinazopita katika bushi za mpira zisikazwe kabisa gari likiwa juu na magurudumu yakining'inia. Zikikazwa hivyo, mpira hushikwa katika hali hiyo, na gari likishushwa mpira hujisokota na kukaa umesokotwa siku zote. Bushi mpya hupasuka kabla ya wakati wake, na gari huwa gumu bila ya sababu. Bolti hizo hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Kazi ikiisha, magurudumu hupimwa na kunyooshwa, maana kila kilichofunguliwa hubadili mwelekeo wake kidogo. Upepo wa matairi hujazwa kwa kipimo kilichoandikwa karibu na mlango wa dereva, kwa kuwa tairi ndilo springi ya kwanza ya gari. Na baada ya siku chache za njia mbaya, bolti zote hukaguliwa tena.

Mfuko ukiwa mdogo

Si kila mwenye gari aweza kubadilisha vyote kwa siku moja. Basi na aanze na kile ambacho kikifa huleta hatari kwanza: bolijointi zilizolegea, na matairi. Bolijointi ikichomoka, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Kisha bushi, ambazo bei yake ni ndogo na faida yake ni kubwa. Kisha shokapu, jozi moja moja. Na aulize ipi imekufa zaidi badala ya kudhani. Springi ziwe za mwisho, isipokuwa zimevunjika au zimelala, kwa maana chuma kizuri huishi miaka mingi kuliko mpira na oili. Wengi hufanya kinyume: huanza na springi kwa kuwa ndizo zinazoonekana, na pesa ikiisha, gari limebaki na shokapu zile zile zilizokufa.

Kwa wale waliotumia shokapu zilizotolewa katika magari mengine, neno ni moja tu. Kwa nje shokapu mbovu na nzima hufanana. Ishike wima, isukume hadi chini na kuivuta juu mara kadhaa. Nzima huenda kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kuna mahali inateleza bila kizuizi, irudishe kwa muuzaji, hata kama bei yake inapendeza.

Basi wenzangu wanafunzi, mkisikia mtu akisema kwamba kanuni ya Hooke haina kazi nje ya chumba cha mtihani, mwambieni atazame chini ya gari litakalompeleka Korogwe. Nanyi wazazi, siku mnapompandisha mtoto garini mvua ikiwa imenyesha na mlima unateleza, bonyezeni pembe ya gari hilo kwanza. Likicheza kama bembea, mwambieni mwenye gari mliyoyaona, na mtoto apande lingine.